Kuonja na Kupima Mvinyo Mwekundu Mzito

Mvinyo mwekundu huitwa mzito kwa jinsi unavyojaa mdomoni, si kwa jinsi unavyolewesha wala kwa weusi wa rangi yake. Tofauti yake na mvinyo mwepesi ni kama ile ya tui la kwanza na tui la pili: yote mawili ni tui, lakini la kwanza huufunika ulimi na kukaa. Uzito huo hutokana na kileo, ambacho katika mivinyo ya aina hii mara nyingi huwa kati ya asilimia 13.5 na 15, pamoja na tanini, yaani vile vitu vinavyoacha ukakasi mdomoni, za maganda na kokwa za zabibu zilizoiva vizuri. Cabernet Sauvignon ya Stellenbosch nchini Afrika Kusini, Malbec ya Mendoza nchini Argentina na Shiraz ya Bonde la Barossa nchini Australia ni mifano inayojulikana, kila mmoja ukiitwa kwa jina la zabibu yake, na msomaji aliye Tanzania anaweza kuweka kando yake mvinyo mkavu, yaani usio na utamu wa sukari, wa Dodoma uliotokana na zabibu ya Makutupora. Anayeanza kuonja huamini kwamba mvinyo ukizidi uzito umezidi ubora. Sikubaliani na hilo hata kidogo, na hatua zote zinazofuata zinalenga kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Anza na joto la chupa. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba ulitoka katika nyumba za Ulaya zenye baridi, ilhali chumba cha Dar es Salaam au Mombasa hufika nyuzi 30 bila shida. Kwa joto hilo kileo hupanda puani kabla ya harufu ya tunda. Niliwahi kuandika kwamba mvinyo fulani unachoma na hauna tunda, kumbe chupa ilikuwa imeshinda juu ya kabati la jikoni. Wiki iliyofuata nilifungua chupa nyingine ya mvinyo uleule, iliyopozwa, nayo ikanuka zambarau mbivu tangu glasi ya kwanza. Weka chupa katika jokofu kwa muda wa saa moja na nusu au mbili hivi, au robo saa katika ndoo ya maji na barafu, mpaka ifike kati ya nyuzi 16 na 18.

Mwombe mtu mwingine azifunge chupa kwa gazeti na kuziandika namba, kwa sababu jina na bei vikionekana, alama huwa zimekwisha kutolewa kabla ya kuonja. Chupa tatu au nne zinatosha. Mimina kiasi cha mililita 50 katika glasi iliyobanwa mdomo, na usionje katika chumba kinachokaangwa vitunguu au kufukizwa udi.

Rangi itazame upesi juu ya karatasi nyeupe. Ukingo wa zambarau huashiria mvinyo mchanga, na ukingo wenye rangi ya tofali huashiria uliokaa miaka. Michirizi inayoteremka kwenye kioo husifiwa sana, lakini kimsingi hutokana na kileo, usiipe alama.

Nusa kwanza bila kuzungusha glasi, kisha zungusha na unuse tena. Tafuta kasoro kabla ya uzuri: harufu ya boksi lililolowa ni dalili ya kizibo kibovu, na ukali wa siki ni dalili ya mvinyo ulioharibika. Kama hakuna kasoro, taja unachokinusa kwa majina ya vitu ulivyokua navyo. Hakuna haja ya kuandika matunda ya misitu ya Ulaya ambayo hujawahi kuyashika mkononi. Shiraz nyingi hunukia pilipili manga, na mvinyo uliolazwa katika mapipa ya mwaloni hutoa karafuu, vanila au kahawa iliyokaangwa. Zambarau, forosadi, ukwaju, tumbaku na ngozi ni maneno halali kabisa, mradi uwe umeyapata kwa pua yako.

Mdomoni ndipo penye kazi kubwa. Chukua funda dogo, lipitishe kila upande wa mdomo, vuta hewa kidogo juu yake, kisha uteme. Kutema si utovu wa adabu katika kazi hii, kwani mwonjaji aliyemeza glasi tatu hawezi kuipima ya nne kwa haki. Sasa sikiliza fizi zako. Tanini hushikana na protini za mate na kuacha ukakasi, na sisi tuliowahi kula bibo au kuuma ndizi mbichi tunaujua ukakasi huo vizuri. Wingi wake si kasoro. Jambo la kupima ni namna yake. Ukakasi wa mvinyo mzuri ni kama wa chai ya rangi iliyokolea, hukausha kwa ulaini kisha huachia, ilhali ule mbaya hukwaruza na kubaki kama ganda la tunda bichi. Baada ya hapo pima uchachu unaofanya mate yatoke, na kileo kinachopasha koo. Vitu hivi vitatu pamoja na tunda vinapaswa kubebana, kiasi kwamba huwezi kusema kwa haraka kipi kimetangulia. Mvinyo wa asilimia 15 unaweza kutulia, na wa asilimia 13 ukachoma.

Ukishatema, hesabu sekunde ambazo ladha nzuri inabaki. Wafaransa huiita kila sekunde moja caudalie. Chini ya tano ni fupi, na zaidi ya kumi ni sifa ya kweli.

Kuhusu alama, kipimo cha 100 alichokieneza mhakiki wa mvinyo Mmarekani Robert Parker huanzia 50, hivyo 80 si ya juu kama inavyosikika. Mimi hutumia 20: rangi 2, harufu 6, uwiano wa mdomoni 8, urefu wa ladha 4. Andika maneno kwanza, namba baadaye, na uzito uandike pembeni bila alama yoyote.

Usifunue gazeti bado. Onja tena baada ya nusu saa, kisha mara ya mwisho pamoja na kipande cha nyama choma, kwa kuwa protini na mafuta yake hulainisha ukakasi. Matokeo hayo yaandike katika safu yake, yasichanganywe na alama za awali. Bakiza kidogo, ziba chupa, iweke katika jokofu, na uionje kesho yake ikiwa imerudi kwenye joto lilelile. Mara nyingi mvinyo ulioficha harufu na ladha yake jana ndio utakaokulazimisha kusahihisha namba yako.