Kuchota maji ya Mto Nairobi ili kupima bakteria sugu kwa dawa

Fika mtoni mapema. Mimi saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa tayari niko ukingoni, upande wa Korogocho unaotazamana na Dandora. Siku moja nilichelewa, nikakwama Jogoo Road saa mbili nzima, barafu ikayeyuka yote. Kesho yake makoloni, yaani vikundi vya bakteria vilivyoota, yalikuwa yamefunika sahani za maabara hata hayahesabiki. Chupa tisa nikazimwaga, na iliniuma sana.

Beba chupa za mililita 500 zilizopita kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), nyuzi 121 kwa dakika 15. Andika jina la mahali na saa kabla hujalowa mikono. Vaa gambuti na glavu. Simama ukitazama maji yanakotoka, zamisha chupa kama sentimita 20, mdomo uelekee mkondo ili maji yaliyopita mguuni mwako yasiingie. Acha nafasi kidogo juu, funga, weka kwenye barafu. Andika pia kama mvua ilinyesha jana.

Usisahau chupa moja ya maji safi yasiyo na kijidudu. Ifungue palepale ukingoni, kisha uifunge. Naiita chupa shahidi: ikiotesha chochote, kazi ya siku hiyo haiaminiki.

Wakulima wa sukuma wiki watakuuliza unatafuta nini. Waeleze vizuri, ni maji yao.

Maabara nafuata utaratibu wa Tricycle, wa kufuatilia E. coli sugu (bakteria wa utumbo na kinyesi), uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Andaa agari ya TBX, chakula cha kuoteshea E. coli kwenye sahani, nusu yake itiwe dawa ya antibiotiki iitwayo sefotaksimu, mikrogramu 4 kwa kila mililita. Subiri agari ipoe hadi nyuzi 50 hivi, chupa ishikike kiganjani, ndipo utie dawa, joto huiharibu. Zimua maji mara kumi kumi, maana ya mto huu ni mazito, uyachuje, kisha weka kichujio kimoja kwenye agari tupu na kingine kwenye yenye dawa. Kesho yake hesabu E. coli, wale wa rangi ya bluu-kijani.

Hesabu sahani zote mbili. Wingi wa E. coli peke yake unakuonyesha kinyesi tu; usugu unauona kwa kulinganisha. Tuseme tupu ina 60 na yenye dawa ina 12, kwa uzimuaji uleule: basi 20 kati ya kila 100 wanaishinda dawa.

Sahani zilizotumika zirudishe kwenye otoklevu kabla ya kuzitupa. Taka za mji huu huishia jalala la Dandora, kando ya mto uleule uliochota.