Namna ya Kuandika Mapenzi Yasiyotamkwa katika Tamthilia ya Televisheni

Mwandishi anayetaka kuwashikilia watazamaji kwa vipindi 20 kwa ajili ya watu wawili wanaopendana bila kuambiana, hana budi kujibu swali moja kabla ya kuandika mazungumzo yoyote: mhusika wake atapoteza nini hasa akikataliwa? Kusema kwamba ana haya hakutoshi. Haya ni tabia, na tabia haibadiliki upesi kutoka kipindi hadi kipindi, ilhali hofu ya kukataliwa huongezeka au hupungua kulingana na kile ambacho mtu amekiweka rehani. Miswada mingi ya mapenzi hudhoofika hapo: kijana ananyamaza kwa sababu mwandishi anahitaji anyamaze, na mtazamaji, ambaye si mjinga, huanza kumkasirikia mnamo kipindi cha nne.

Tuchukue mfano wa kubuni na tuuweke Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, ambako Wanubi na Waganda wamekuwa majirani kwa vizazi kadhaa. Rajabu ni Mnubi, dereva wa taksi ya abiria 14 inayokwenda Kampala kila siku. Nansubuga ni binti wa Kiganda, fundi cherehani, na kaka yake ndiye mwenye gari analoliendesha Rajabu. Tangu mama yake alipofariki, Rajabu hula chakula cha jioni nyumbani kwao. Akikataliwa, basi, hatapoteza binti peke yake. Atapoteza pia kazi, rafiki, na mahali pekee ambapo mtu humuuliza kama ameshiba. Andika hasara hizo kwenye karatasi, kisha hakikisha kwamba kila moja imeonekana kwenye skrini mapema, tena ikiwa bado ni furaha. Mlo wa jioni uonyeshwe ukiwa na kicheko, matoke yakifunuliwa katika majani ya ndizi na kaka mtu akimtania Rajabu kuhusu breki, kwa kuwa mtazamaji hawezi kuogopa kupotea kwa kitu ambacho hajakipenda.

Usimpe Nansubuga hofu ileile. Huu ni udhaifu wa pili, na kwa maoni yangu ni mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu wapenzi wawili wenye hofu moja huwa mtu mmoja aliyegawanywa mara mbili. Katika desturi ya Waganda, shangazi wa upande wa baba, yaani ssenga, ndiye humlea binti katika mambo ya ndoa, na siku ya kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa familia ya binti, bwana harusi hukaa kimya huku wasemaji wa pande mbili wakizungumza kwa niaba ya familia. Kwa hiyo Nansubuga hatarajiwi kujieleza; anatarajiwa kusubiri atumiwe watu. Hofu yake ni kwamba akionyesha dalili ya kwanza ataonekana amejipeleka mwenyewe, na kwamba Rajabu, akiwa na adabu zake, atamkataa kwa upole. Upole huo ndio anaouogopa zaidi.

Sasa tuje kwenye nauli, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mapenzi yasiyotamkwa hayaonekani kwa macho yaliyolegea wala kwa muziki wa kinanda; huonekana katika tendo dogo linalorudiwa hadi mtazamaji alizoee, kisha likavunjwa. Kila Jumatatu Nansubuga huenda Kampala kununua vitambaa mtaa wa Kiyembe. Kuanzia kipindi cha pili Rajabu anakataa kupokea nauli yake, na anasema tu kwamba gari ni la kwao. Katika kipindi cha tano kiti cha mbele kinabaki wazi ingawa abiria wamejaa kituoni, na kondakta ananung'unika kwamba wanapoteza hela. Katika kipindi cha tisa, baada ya kusikia kwamba mtu mmoja wa Wobulenzi amepeleka ujumbe kwa shangazi, Rajabu ananyoosha mkono, anaipokea nauli, anaihesabu na kumrudishia chenji. Hakuna aliyetamka neno la mapenzi, lakini mtazamaji aliyekuwa akila atalisimamisha tonge mkononi. Chagua tendo linalotokana na kazi ya mhusika, ambalo kondakta na abiria wanaweza kulishuhudia bila kulielewa, na usilivunje kabla halijaonekana walau mara tatu.

Kiswahili cha Uganda kitakusaidia hapa kwa namna ambayo waandishi wengi hawaitumii. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, lakini kwa watu wengi kimebaki kuwa lugha ya kambi, soko na barabara, yaani lugha ya amri, bei na safari. Rajabu huzungumza Kinubi kwao na Nansubuga Kiganda kwao; wanapokutana wana Kiswahili cha kazi, ambacho hawajawahi kukitumia kuambiana jambo la moyoni. Waache wazungumzie matairi, mvua, bei ya petroli na uzi ulioisha. Usiwape ghafla maneno ya mashairi ya pwani, kwa sababu hayatakuwa yao. Nansubuga amwite dereva huyo "kaka Rajabu" tangu mwanzo, na siku atakapoliacha neno "kaka" isitokee mtu yeyote katika tamthilia akaeleza maana yake.

Hilo la kueleza linahitaji ujasiri. Katika vibanda vyetu vya video, kwa miaka mingi, watazamaji wamezoea VJ, yaani msimulizi wa filamu, anayezitafsiri filamu za kigeni kwa Kiganda, akiongeza utani wake na kuujaza kila mwanya kwa sauti. Ni sanaa ninayoiheshimu, lakini imewafanya baadhi ya waandishi wauogope ukimya, hata wakampa kila mpenzi rafiki ambaye kazi yake ni kuambiwa siri. Mwondoe rafiki huyo. Ukurasa mmoja wa mswada hukadiriwa kuwa dakika moja ya picha, kwa hiyo ukimya nao lazima uandikwe ili upewe nafasi wakati wa kupiga picha. Kuandika kwamba "wanatazamana kwa hisia" hakumsaidii mwigizaji. Andika: "Rajabu anazima redio. Nansubuga anaiwasha tena." Mwigizaji atajua la kufanya.

Hofu pia ina mwili. Utafiti uliochapishwa na Naomi Eisenberger na wenzake katika jarida la Science mwaka 2003 ulionyesha kwamba mtu anapotengwa, hata katika mchezo wa kompyuta tu, sehemu ya ubongo inayohusika na maumivu ya mwili huamka. Mwandishi aichukulie hofu ya Rajabu kama ya mtu anayejua kwamba ataumia kweli, si kama kituko cha kuchekesha.

Kuhusu ucheleweshaji, epuka simu inayolia wakati neno liko mdomoni. Epuka pia ujumbe unaoandikwa na kufutwa, maana umetumika mno. Kizuizi bora ni kile ambacho mhusika amekichagua. Mvua ikinyesha sana, Bwaise, mtaa wa Kampala ulio njiani kwenda Bombo, hufurika, na magari husimama kwa muda mrefu. Waweke wote wawili ndani ya taksi iliyokwama hapo, na abiria wengine washuke wakavuke maji kwa miguu hadi wabaki wao tu. Hakuna cha kumzuia Rajabu tena, naye anaanza kuzungumzia plagi zilizolowa. Mtazamaji atamlaumu na kumhurumia kwa wakati mmoja.

Msukumo wa mwisho utoke katika kazi ileile: familia ya yule mtu wa Wobulenzi inakodi taksi ya kuwapeleka wageni kwenye kwanjula, na Rajabu anapewa kanzu avae kama wenzake. Akisema, aseme kwa ufupi na kwa makosa. Jibu la Nansubuga lisiwe "ndiyo" wala "hapana" tupu, bali litoke katika hofu yake mwenyewe: "Ulisubiri wazee wa watu wafike ndipo upate ulimi?" Ukiamua amkatae, ipe hasara hiyo vipindi viwili au vitatu vya kuishi nayo, mlo wa jioni ukiwemo, badala ya kumletea mchumba mwingine wiki inayofuata.

Mswada ukikamilika, wape waigizaji wausome kwa sauti mbele ya mtu ambaye hajui hadithi, na waruke kila mstari unaotaja kupenda, moyo au hisia. Akiuliza ni nani anampenda nani, rudi kwenye nauli na kiti cha mbele uvitengeneze upya, wala usiongeze mazungumzo.