Mwani mkavu wa bei nafuu kwa kangaja na tasi wa tangini: namna ya kuuchagua

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo wa maji chumvi hutumia fedha nyingi kwenye taa, pampu na chumvi ya tangi, kisha samaki wao aina ya kangaja wakalishwa chembechembe za nyama asubuhi na jioni. Chakula hicho hakimtoshi. Baharini, kangaja hushinda mwambani akikwangua mwani mfupi kwenye mawe tangu kunapokucha hadi jua linapotua. Utumbo wake ni mrefu, umeumbwa kwa majani yanayoingia kidogo kidogo mchana kutwa. Tasi, ambaye Wakenya humwita tafi, ni hivyo hivyo, na puju na kitatange wakubwa nao wanahitaji majani katika mlo wao.

Samaki hawa wakikosa mwani, dalili huonekana mapema kwa anayetazama. Tumbo hubonyea nyuma ya mapezi ya kifuani. Ukimtazama kutoka juu, mgongo umekuwa mwembamba na kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili. Rangi hufifia, na samaki aliyekuwa mtulivu huanza kuwafukuza wenzake. Kangaja wa buluu mwenye pezi la njano mgongoni, anayevuliwa hai katika pwani ya Kenya na kusafirishwa kwa wafugaji wa ng'ambo, ni mmoja wa wanaoanguka haraka zaidi. Huenda ameshakaa siku kadhaa bila kula tangu alipovuliwa, na akifika kwenye tangi lisilo na majani hana akiba ya kumvusha.

Dawa yake ni mwani mkavu kila siku, na hapo ndipo wengi wanapolia bei. Duka la samaki huuza mwani katika pakiti ndogo yenye picha ya samaki, na mfugaji huamini kwamba kilichomo ni chakula maalumu. Mara nyingi ni nori, mwani mwekundu unaolimwa Japani, Korea na China, ukasagwa, ukatandazwa na kukaushwa kuwa karatasi. Ni nori hiyo hiyo inayofungia wali wa sushi. Kwa hiyo nenda kwenye rafu ya vyakula vya Asia katika duka kubwa la Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, uone kilichopo kabla ya kulipia picha ya samaki.

Usilinganishe bei ya pakiti kwa pakiti, linganisha bei ya gramu. Karatasi moja nzima ya nori ina ukubwa wa sentimita 19 kwa 21 hivi na uzito wa gramu 2.5 hadi 3, kwa hiyo pakiti ya karatasi 10 ni kama gramu 25 hadi 30. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, duka la samaki linauza gramu 12 kwa shilingi 15,000, na duka la vyakula linauza karatasi 10 za gramu 28 kwa shilingi 9,000. Ya kwanza ni shilingi 1,250 kwa gramu, ya pili ni kama 320. Fanya hesabu hiyo kwa bei za kwenu, kwa sababu wakati mwingine duka la samaki huwa na pakiti kubwa inayoshinda zote. Uzito halisi umeandikwa nyuma ya pakiti, na idadi ya karatasi peke yake inaweza kukupoteza, kwani kuna karatasi zilizokatwa nusu au robo na bado zikahesabiwa moja moja.

Baada ya bei, soma viungo. Nori ya kumlisha samaki iwe na kiungo kimoja tu: mwani. Ukiona mafuta ya ufuta au mafuta mengine yoyote, sukari, chumvi, sosi ya soya, pilipili au viongeza ladha, irudishe rafuni. Zile pakiti ndogo za Kikorea za kutafuna kama vitafunwa karibu zote zimepakwa mafuta na kunyunyiziwa chumvi, na kwa kuwa ni rahisi kupatikana, ndizo zinazoharibu matangi mengi. Mafuta hutanda juu ya maji yakazuia hewa kuingia, na chujio la povu, lile linalotoa uchafu kwa mapovu hadi kwenye kikombe, huacha kufanya kazi: povu linaanguka, kikombe kinabaki kitupu, na uchafu uliopaswa kutoka unabaki ndani. Ikiwa maandishi yote ni ya Kijapani au Kikorea na hakuna tafsiri iliyobandikwa, fungua pakiti moja tu ya majaribio. Sugua karatasi kwa vidole: kidole kikiteleza au kung'aa, ina mafuta. Igusishe ulimini: ikiwa tamu au kali kwa chumvi, imekolezwa.

Iliyochomwa haina ubaya. Moto hupunguza vitamini kiasi, lakini karatasi iliyochomwa inashikana vizuri majini na samaki huila bila shida. Kinachofaa kukwepwa ni ile iliyozeeka. Inyanyue karatasi mbele ya mwanga: nori nzuri iliyochomwa huonyesha kijani kilichoiva, na isiyochomwa huwa nyeusi yenye zambarau. Ikiwa imegeuka kahawia ya kutu au njano, imekaa sana au imepata unyevu. Ikunje, inapaswa kuvunjika kwa mlio. Harufu iwe ya bahari, isiwe ya gunia lililolowa.

Kuna jambo jingine linalomsaidia mfugaji kwenye bei. Nori hupangwa kwa madaraja, na daraja la juu hulipiwa kwa sababu ya weusi, mng'ao na karatasi isiyo na tundu hata moja, vitu ambavyo mpishi wa sushi anavihitaji kwa kuwa chakula chake hutazamwa kabla ya kuliwa. Kangaja havihitaji. Karatasi yenye matundu, iliyovunjika pembe au yenye unene usio sawa ni chakula kizuri kwake, ilimradi ni kavu na haina kitu kilichoongezwa. Nunua daraja la chini bila wasiwasi. Kama karibu nawe kuna mkahawa wa sushi, waulize kuhusu vipande vilivyovunjika, ila chukua vile ambavyo havijafika kwenye meza ya kupikia.

Mwani wa aina nyingine ukiupata kwa bei nzuri, uchanganye. Dulse, mwani mwekundu wa Atlantiki ya Kaskazini, hupendwa sana na kangaja. Wakame ni laini na hutanuka ukilowekwa, kwa hiyo kipande kidogo kinatosha. Kombu ni mnene, una iodini nyingi mno, na unafaa kwa nadra tu. Hijiki usinunue kabisa: una aseniki ya aina yenye sumu, na mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza imewashauri watu wasiule.

Sasa swali ninaloulizwa kila mara na watu wa pwani: kwa nini tununue mwani wa Japani wakati Paje, Jambiani, Pemba na Kibuyuni kuna magunia ya mwani? Ni swali la haki, na jibu lake si hapana ya moja kwa moja. Mwani unaolimwa Zanzibar tangu mwaka 1989, spinosum na cottonii, huliwa na samaki hawa hawa. Mkulima yeyote wa mwani atakueleza anavyogombana na tasi, wanaoingia shambani makundi kwa makundi na kung'ata ncha changa hadi kamba inabaki na vishina. Kwa hiyo mwani mbichi, ukiwa karibu na shamba, ni chakula kizuri: nunua fungu dogo kwa mkulima, usuuze kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ili vidudu vilivyojificha vidondoke, ufunge kwenye jiwe na kuuzamisha.

Ule mkavu wa gunia ni habari nyingine. Haukukaushwa kwa ajili ya kuliwa hivyo ulivyo. Umekaushwa kwa ajili ya viwanda vya nje vinavyotoa karajini, kitu cha kuganda kinachotiwa kwenye dawa ya meno na malai. Unauzwa ukiwa bado na unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake, juu yake una ukoko mweupe wa chumvi, na ukiwa ulianikwa chini badala ya kwenye chanja, umebeba mchanga. Protini yake pia ni ndogo mno ukilinganisha na nori. Ukiamua kuutumia kwa sababu ya bei, tafuta mkulima anayeanika kwenye chanja, chagua vishada ambavyo havijapauka, uoshe mara mbili au tatu hadi maji yasiwe na chumvi kali, kisha uuloweke hadi ulainike. Usiuchemshe, maana utageuka jeli na kuchafua maji. Na uwe nyongeza, nori ikibaki chakula kikuu.

Mimi ningemshauri mtu wa pwani atazame zaidi mwani wa kijani unaoota wenyewe mawimbini, ule wenye jani pana, jembamba, linalopitisha mwanga. Huo unakauka haraka, unashikika kwenye kibanio, na gharama yake ni kazi ya mikono. Uchume siku za bamvua maji yakiwa yamekupwa sana, kwenye mawe ya nje yanayopigwa na maji safi. Epuka mahali unapoota kwa wingi wa kushangaza karibu na mfereji, bandari au bomba la maji machafu ya hoteli: mwani huu hunenepa kwa uchafu, na hunyonya madini mazito yaliyomo majini. Wingi wake hapo ni onyo. Usafishe kwa maji ya bahari, ukitoa konokono na kaa wadogo mmoja mmoja, umalizie kwa maji baridi mara moja, kisha utandaze kwenye wavu uliotandikwa juu ya chanja, kivulini penye upepo. Jua kali huukausha upesi lakini huupausha. Geuza asubuhi na jioni hadi unapovunjika ukiukunja.

Kulisha kwenyewe ni rahisi. Robo ya karatasi ya nori kwa siku inatosha kuanzia kwa kangaja wawili wa ukubwa wa kiganja; ikiisha ndani ya nusu saa na matumbo bado yamebonyea, ongeza. Ibane kwa kibanio cha sumaku mahali penye mkondo wa wastani, mbali na mdomo wa pampu. Samaki mgeni aliyetoka baharini haijui karatasi inayoning'inia kwenye kioo, maana hajawahi kuona chakula pale. Mfungie kipande kwenye jiwe kwa mpira, ukilaze chini, naye atakikwangua kama alivyozoea. Unapoingiza mkono, kumbuka mwiba mkali kama kisu ulio kwenye shina la mkia wake. Tone la vitamini ya samaki ya kimiminika juu ya karatasi dakika chache kabla ya kulisha ni jambo zuri, kwa kuwa vitamini C hupotea mwani unapokaushwa na kukaa.

Mabaki yaondoe jioni ile ile. Yakioza huongeza fosfati na naitreti, na baada ya wiki chache utaona mwani usioutaka ukitambaa kwenye vioo na matumbawe. Nyama nayo usiiache kabisa. Hata kangaja humeza vidudu anapokwangua, na kitatange anahitaji zaidi.

Adui mkubwa wa akiba pwani ni unyevu, hasa masika. Pakiti ikishafunguliwa, gawa karatasi za wiki moja moja kwenye mifuko yenye kufunga, toa hewa, tia kile kifuko kidogo cha kukausha kilichokuja na nori, kisha weka mifuko yote kwenye friza isipokuwa mmoja. Mfuko unaotoka kwenye friza uache hadi baridi yake iishe kabla ya kuufungua, la sivyo karatasi zitalowa kwa umande. Ukiona doa jeupe la ukungu kwenye karatasi moja, tupa mfuko wote.

Kwa kiasi cha robo karatasi kwa siku, pakiti ya 10 itakufikisha siku 40. Pakiti ya 50 ni nafuu zaidi kwa gramu, lakini itakaa siku 200, muda mrefu mno kwa mtu asiye na friza. Asiye na friza atafute wafugaji wenzake wawili au watatu, wanunue moja kubwa na kugawana siku ile ile inapofunguliwa.