Jinsi ya kusoma hali ya hewa kwenye TV bila kuwazibia watu ramani

Nimetoka kumwelekeza dogo mmoja anayeanza kusoma hali ya hewa hapa Dar, nikaona bora niandike kabisa maana wengi wanakwama palepale.

1. Utabiri chukua TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), basi. App za simu achana nazo.

2. Andika pointi tu, usikariri insha. Kama kuna angalizo au tahadhari, yaani onyo la TMA la hali mbaya ya hewa, anza nayo, joto litafuata. "Mvua kubwa" usiitumie ovyo, TMA wakisema hivyo wanamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Na kama utabiri ni wa mkoa mzima usiahidi mvua ya mtaa mmoja kama Jangwani, waambie tu wanaokaa bonde la Msimbazi wajiandae mapema.

3. Usivae kijani, maana kompyuta inaweka ramani kila palipo na kijani. Hata kitenge chenye majani madogo ya kijani, ramani inapenya hapohapo unajikuta na Tabora tumboni.

4. Kusimama na kuonyesha, hapa ndo penye kazi. Nyuma yako ni kitambaa cha kijani tu, ramani unaiona kwenye monita ya pembeni, sasa kabla ya yote muulize fundi wa studio monita imegeuzwa kama kioo au la, maana kama haijageuzwa ukitaka kwenda Tanga mkono unakimbilia Kigoma. Ikigeuzwa mkono unatii ila maandishi yanasomeka kinyume. Mimi nataka isigeuzwe, mwanzoni inasumbua kweli lakini unaona kilekile anachokiona mtu wa Mbagala.

Simama upande wa bahari, yaani kulia kwa mtazamaji, utumie mkono wako wa kulia. Mwambie mtu wa grafiki asogeze ramani kushoto kidogo, la sivyo Unguja, Pemba na Mafia zote umezikalia. Ila siku yenye angalizo la upepo mkali na mawimbi hamia upande wa Kigoma, utumie mkono wa kushoto, kwa sababu wavuvi wa Feri na abiria wa boti za Zanzibar siku hiyo wanaitazama bahari.

Onyesha kwa kiganja wazi, kidole kikiteleza kidogo tu Dar imekuwa Morogoro. Fanya mazoezi ya pembe nne, Kagera, Tanga, Mtwara, Rukwa, unataja kwa sauti huku macho yako kwenye kamera, mpaka mkono ufike wenyewe.

5. Produsa akikwambia sikioni muda umebana, kata joto la mikoa. Angalizo halikatwi.