Namna ya Kuchoma Sarara ya Ng'ombe Nyumbani Ikawa Laini

Kila ninapoulizwa siri ya nyama laini, muulizaji huwa ameshaandaa kalamu aandike viungo. Mimi humrudishia swali: nyama hiyo ilichinjwa lini? Hapa kwetu Uganda ng'ombe huchinjwa usiku, nyama ikaning'inizwa buchani alfajiri, na ikifika saa sita mchana imeshakuwa juu ya sigiri. Tunajivunia ubichi wake, na ubichi huo ndio unaotuchosha taya. Mnyama akishakufa misuli yake hukaza, na kwa ng'ombe ukakamavu huo hufikia kilele baina ya saa 12 na 24 hivi. Baada ya hapo vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe huanza kuzikata nyuzi zake polepole. Kwa hiyo tunaponunua asubuhi na kuchoma mchana, tunakuwa tumechagua wakati mbaya kuliko wote. Wachomaji wa Namawojjolo, kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, huikwepa shida hiyo kwa kuikata nyama vipande vidogo na kuitunga kwenye vijiti, meno yakapunguziwa kazi. Kipande kinene hakina kimbilio hilo.

Nilijifunza haya kwa aibu. Siku moja ya Idi nilinunua sarara nzima ikiwa bado na joto la mnyama, nikaichoma kabla ya adhuhuri mbele ya wageni. Shemeji yangu, ambaye ni mtu wa adabu sana, alitafuna kipande kimoja kwa muda mrefu, kisha nikamwona akikisukuma taratibu chini ya majani ya kachumbari. Hakusema neno. Bora angesema.

Hatua ya kwanza: kuchagua nyama

Ulizia sarara, ambayo mabucha ya Kampala huiita fileti. Ni msuli mrefu uliolala upande wa ndani wa uti wa mgongo, na kwa kuwa haufanyi kazi kubwa mnyama anapotembea, nyuzi zake ni nyororo. Ikikosekana, au bei ikikushinda, chukua nyama ya mgongo inayofuata mbavu, yaani saloini, ambayo ni ngumu kidogo lakini ina ladha nzito zaidi. Mimi mwenyewe huipenda kuliko fileti. Paja na shingo viachie sufuria. Nunua pande zima la kilo moja au zaidi, wala usimruhusu muuza nyama akukatie kwa panga, kwa kuwa atakupa vipande visivyolingana unene na vyenye vumbi la mifupa. Hakikisha pia kwamba nyama imepita kwa mkaguzi.

Ng'ombe wetu wengi, wakiwemo wale wa Ankole wenye pembe ndefu, hula majani malishoni, na nyama yao haina mafuta mengi yaliyotapakaa ndani. Nyama ya namna hiyo huiva upesi na hukauka upesi, kwa hiyo muda unaousoma katika vitabu vya ng'ombe walionenepeshwa kwa nafaka huwa mrefu mno kwetu.

Hatua ya pili: kuipumzisha katika friji

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wengi, nami naiona kuwa nusu ya kazi yote. Futa pande la nyama kwa karatasi safi, liweke juu ya wavu ulioegeshwa kwenye sinia ili maji yasilitopeze, lifunike kwa kitambaa safi, kisha liache chini kabisa ya friji kwa siku tatu, au nne zikizidi, katika baridi isiyopita digrii 4. Juu litafanya rangi ya damu ya mzee na kukauka kidogo, jambo ambalo halina ubaya. Likitoa harufu ya uchachu au likiteleza kama lililopakwa sabuni, litupe. Usiliweke kwenye friza likiwa bado jipya, kwani nyama iliyogandishwa kabla ya misuli kumaliza kukaza hujikunja kwa nguvu inapoyeyuka, ikawa ngumu kuliko ulivyoinunua.

Hatua ya tatu: kukata na kutia chumvi

Likate pande hilo kwa kisu kikali, ukizikingama nyuzi, katika vipande vya unene wa sentimita 3. Vyembamba zaidi ya hapo vitaiva ndani kabla nje hakujageuka rangi. Nyunyiza chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu kilo, angalau dakika 40 kabla ya kuchoma. Mwanzoni utaona maji yakitoka, na watu wengi hapo hushtuka. Subiri, kwa maana maji hayo huyeyusha chumvi na kurudi nayo ndani. Ukiwa huna dakika hizo, tia chumvi wakati ule ule unapoweka nyama motoni, kwa kuwa kinachoharibu ni kuchoma maji yakiwa bado juu. Kabla ya kuchoma, futa tena uso wa nyama ukauke kabisa. Uso wenye unyevu huchemka badala ya kuchomeka, na ile rangi ya kahawia yenye harufu inayowaita majirani haipatikani mpaka maji yamekwisha. Pilipili manga inatosha kuwa kiungo.

Hatua ya nne: moto

Washa sigiri nje ya nyumba, kamwe si ndani, kwa sababu moshi wa makaa una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Nakuomba pia usiwashe kwa kaveera. Najua ndivyo wengi tunavyofanya, kipande cha plastiki chini ya makaa na kiberiti kimoja, lakini ule moshi mweusi ni sumu na ladha yake hubaki kwenye nyama. Tumia vijiti vikavu au maganda ya mahindi, na upepeo. Subiri makaa yavae majivu meupe, kisha yasukume yote upande mmoja, ili upate upande wenye moto mkali na upande wa joto la pembeni tu. Kwa sigiri ndogo ya duara, tafuta wavu uliotokeza nje ya ukingo. Wavu uwe wa chuma kitupu. Ule wa uzio uliopakwa zinki haufai kuchomea chakula.

Weka kiganja sentimita 10 hivi juu ya wavu. Ukiweza kuhesabu hadi tatu tu kabla ya kukiondoa, moto uko tayari.

Hatua ya tano: kuchoma

Paka nyama mafuta kidogo, ilaze upande wa moto mkali dakika mbili au tatu, igeuze kwa koleo, kamwe si kwa uma, kisha dakika nyingine kama hizo. Mafuta yakidondoka na ndimi za moto zikapanda, isogeze kando. Baada ya pande zote mbili kupata rangi, ihamishie upande usio na makaa, ukiigeuza kila dakika moja. Wapo wanaosema nyama igeuzwe mara moja tu. Nimejaribu njia zote mbili, na ile ya kugeuza mara kwa mara huivisha sawasawa zaidi. Kipimajoto cha nyama kikisoma digrii 63 katikati, toa. Mtu asiye na kipimajoto abonyeze kwa kidole: nyama mbichi hulegea kama shavu, iliyofikia hapo hudunda kama ncha ya pua, na iliyopita kiasi ni kama paji la uso.

Hatua ya sita: kuipumzisha na kuikata

Iache juu ya ubao dakika tano hadi nane. Ikate mezani ukizikingama nyuzi, iandamane na gonja (ndizi mbivu) ya kuchoma na kachumbari.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

Swali (mwanachama wa Bombo): Mwalimu, Idi tunachinja asubuhi na watoto wanataka kula mchana. Tungoje siku tatu kweli?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Siku hiyo kuleni maini, ambayo hayahitaji kungoja, na nyama ya mbavu ichemsheni polepole. Sarara ndiyo iwekwe kando hadi siku ya nne.

Swali (mwanachama wa Jinja): Mama mkwe wangu akiona wekundu katikati anasema ni damu, na hali. Nifanyeje?

Jibu: Damu ilishamwagika machinjioni, dada. Wekundu ule ni maji ya nyama yenye protini iitwayo mayoglobini. Hata hivyo mama mkwe habishiwi mezani. Kipande chake kikate kiwe na unene wa sentimita moja na nusu na ukifikishe digrii 70. Kitakuwa kikavu kidogo, lakini ukikikata vipande vyembamba bado kitatafunika.

Swali (mwanachama wa Arua): Kwetu umeme hukatika mara kwa mara. Nyama ya siku tatu itasalimika?

Jibu: Friji isiyofunguliwa hushika baridi kwa saa nne hivi. Umeme usiporudi hadi saa hizo nne zinapoisha, usiendelee kuhesabu siku. Pika nyama hiyo mara moja. Kama hali ni hiyo kila wiki, tumia papai.

Swali (mwanachama huyo huyo): Papai bichi au bivu, na kwa muda gani?

Jibu: Bichi, kwa kuwa ndilo lenye kimeng'enya kingi, papaini, kinachomeng'enya protini. Likwaruze upate ute, uupake kwenye nyama pande zote, vijiko viwili vya chai kwa kilo, ukae nusu saa, kisha uufute wote. Niliwahi kuuacha usiku kucha, na asubuhi uso wa nyama ulikuwa uji. Papai haliingii ndani sana, kwa hiyo kwa kipande kinene halishindani na friji.

Swali (mwanachama wa Kampala): Kaka, ninakaa ghorofani na sigiri imekatazwa. Kikaango kinafaa?

Jibu: Kinafaa sana kikiwa cha chuma kizito. Kipashe moto mpaka tone la maji lirukeruke, paka mafuta kwenye nyama badala ya kikaango, na ufungue madirisha. Kipande cha sentimita 3 geuza kila dakika moja, kwa dakika nane hadi kumi, na baada ya ya sita punguza moto.