Jinsi ya kulala kwa kufuata mwendo wa usingizi wenyewe

Wengi tunadhani ukishafumba macho umelala basi, kumbe usiku mzima mwili unashuka na kupanda. Unaanza na kausingizi kepesi ka dakika chache, hapo ndo unaweza kushtuka kama mtu anayeanguka, alafu mapigo ya moyo yanapungua, joto linashuka, unazama kwenye usingizi mzito, kisha unapanda tena mpaka usingizi wa ndoto. Mzunguko mmoja ni kama dakika 90 hivi, na kwa usiku inapita minne mpaka sita.

Sasa hiki naomba ukishike kabisa, hiyo mizunguko haifanani. Usingizi mzito umejaa masaa ya mwanzo, ndoto zimejaa kuelekea alfajiri. Kwaiyo ukikata masaa mawili ya mwisho kati ya nane usidhani umepunguza robo tu ya kila kitu, umekata sehemu kubwa ya ndoto, na huo usingizi unausaidia ubongo kupanga kumbukumbu na kutuliza hisia za mchana. Linaniuma sana nikiona mwanafunzi anajiamsha saa tisa usiku akariri.

Fanya hivi: anza na saa ya kuamka, iwe ileile hata wikiendi, alafu rudi nyuma masaa nane, hapo uwe kitandani. Kahawa iishie mchana, maana masaa matano au sita baadae karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Punguza mwanga na simu, chumba kiwe na ubaridi kidogo. Pombe inakulaza haraka kweli ila inapunguza ndoto alafu inakuamshaamsha usiku, mi siishauri.

Na jinamizi je? Wakati wa ndoto ubongo unalegeza karibu misuli yote, unaacha ya macho na ya kupumulia, ili usirushe mateke kufuata unachoota. Ikitokea umezinduka kabla misuli haijaachiwa, ndo ile unaona chumba lakini huwezi kusogea wala kuita mtu, inatisha mno. Usipambane, pumua taratibu, jaribu kidole kimoja tu, itaachia yenyewe.

Ukisinzia mchana weka alamu ya dakika 20, ukizidisha utaamshwa katikati ya usingizi mzito na kichwa kitakuwa kizito kuliko kabla hujalala.