Rasta ya nyanya: mbegu chotara haikuondolei kazi ya kitalu

Mche wenye rasta, yaani ugonjwa wa kirusi unaokunja majani ya nyanya, unajulikana mapema: majani machanga hukunjamana kuelekea juu, kingo zinageuka manjano, mmea unadumaa na maua yanapukutika. Ukishikwa kabla ya kuchanua, usitarajie kujaza tenga. Dawa ya kuua kirusi hicho haipo. Unachopiga ni dawa ya inzi weupe wanaokisambaza, nao wengi wameshazizoea sumu.

Ndiyo maana kuna mbegu chotara zinazovumilia rasta, na bei yake tunaijua. Sehemu kubwa ya uvumilivu huo imetoka kwa ndugu mwitu wa nyanya, Solanum chilense, anayeota katika jangwa la Atacama na maeneo jirani ya Chile na Peru. Vitunda vyake ni vya kijani, vidogo. Hapa Mwanza hata kwa bure sidhani kama vingechukuliwa. Lakini jeni yake ya Ty-1, ambayo mwaka 1994 watafiti walionyesha iko kwenye kromosomu ya 6, ilihamishiwa kwenye nyanya zetu kwa kuchavusha na kuchagua kizazi baada ya kizazi.

Mmea wenye jeni hiyo bado huambukizwa, ila kirusi huzaliana polepole ndani yake, hivyo unaendelea kuzaa. Mche ukishambuliwa ukiwa bado kitaluni, hata wa chotara unaweza kukuangusha.

Kwa hiyo funika kitalu tangu siku ya kusia. Huku kando ya ziwa watu hutumia chandarua kikuukuu au wavu wa dagaa. Vyote viwili ni kujidanganya: inzi mweupe ana urefu wa takribani milimita 1 na ni mwembamba, anapenya bila shida. Nunua wavu maalumu wa kuzuia inzi weupe, ufukie kingo zake kwenye udongo, na ukiingia kumwagilia, funga nyuma yako.

Usikamue mbegu kutoka kwenye chotara. Ikiwa ilirithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu, robo hivi ya miche itakayofuata itakosa kinga kabisa, na kwa macho huwezi kuitenga.

Kabla ya kuhamishia miche shambani, ng'oa nyanya za msimu uliopita, pamoja na gugu la mnanaha linaloota pembeni. Ukiziacha zisimame "zimalizie malizie", inzi watatoka humo na kirusi na kuhamia kwenye miche mipya. Zungumza na jirani pia, maana inzi hawajui mpaka wa bustani.